Kwa nini miongozo ya programu huonyesha tarehe kamili tu, wakati data zetu zimejaa tarehe pungufu?

#1 KaraniWaData (mleta mada)

Habari wakuu.

Kuna jambo limenikera muda mrefu, nalileta hapa tulichambue. Karibu kila maktaba ya tarehe (msimbo ulio tayari wa kushughulikia tarehe) niliyowahi kuigusa, mwongozo wake unafungua na mfano wa aina ya 2019-03-15. Mwaka upo, mwezi upo, siku ipo. Funksheni inapokea, inarudisha tarehe, mwandishi anaenda zake. Mimi kazi yangu ni fomu zilizojazwa na watu. Mmoja anakumbuka alianza dawa Machi 2019 lakini siku imemtoka. Mwingine anakumbuka mwaka tu. Mwingine kaandika siku na mwaka, mwezi kauruka. Kwangu tarehe kamili ndiyo ya kubahatisha.

Wiki iliyopita nimeandika hivi kwenye R, lugha ya programu ya takwimu:

as.Date("2019", format = "%Y")

Nilitarajia kosa, au basi 1 Januari. Nikapata mwaka 2019 ukiwa na mwezi na siku ya leo! Ripoti niliiendesha Jumatatu, nikairudia Jumatano, umri wa watu wenye mwaka mtupu ukawa umesogea siku mbili. Hakuna kosa lililotokea, hakuna onyo. Nimelijua kwa sababu mtu mmoja kwenye orodha alivuka kutoka kundi moja la umri kwenda jingine.

Dai langu: mfano wa tarehe pungufu uwe wa KWANZA kwenye mwongozo, na uonyeshe ni kipande gani kimejaziwa na nani kakijazia. Mnasemaje?

#2 Mpekuzi

Mkuu, pole, ila hilo limeandikwa. Fungua ukurasa wa strptime (funksheni ya kugeuza maandishi kuwa tarehe) kwenye R, wanasema wazi kwamba mwaka, mwezi au siku isiyotajwa huchukuliwa kuwa ya sasa. Wanaongeza kwamba ukitaja mwezi lazima utaje na siku. Ndiyo maana as.Date("2019-03", "%Y-%m") inakupa NA (yaani hakuna thamani), si tarehe ya leo.

Tatizo watu hawasomi.

#3 KaraniWaData

@Mpekuzi nimeusoma sasa hivi, uko sahihi, nashukuru. Lakini nilikuwa kwenye ukurasa wa as.Date, nikitafuta mfano. Onyo lipo ukurasa mwingine, ndani ya aya nzito. Na angalia hicho ulichoandika mwenyewe: ukimpa taarifa kidogo (mwaka tu) unapata jibu, ukimpa taarifa zaidi (mwaka na mwezi) unapata NA. Mtu angekisiaje hilo bila kuonyeshwa mistari miwili pembeni kwa pembeni?

#4 tarakimu11

Python nako ni vilevile, inajazia tarehe ya leo. Nishaumia.

#5 Fundi Msimbo

@tarakimu11 hapana, usichanganye. datetime.strptime("2019", "%Y") inakupa 2019-01-01 siku zote. Inayojazia kwa tarehe ya leo ni dateutil, maktaba ya kuongeza juu ya Python, ile funksheni yake parser.parse, kama hujaipa default (tarehe ya kujazia) yako mwenyewe. Ukiipa "Feb 2019" siku ambayo leo ni tarehe 31, inarudi hadi 28 kimyakimya.

strptime yenyewe ina mtego wake. Ukiruka mwaka inaweka 1900. Sasa msomee "02-29" bila mwaka: inaanguka, kwa kuwa 1900 haukuwa mwaka mrefu. Mtu aliyezaliwa 29 Februari anakataliwa na programu kwa sababu ya mwaka ambao hakuutaja. Kuanzia Python 3.13 wameanza kutoa onyo ukisoma siku ya mwezi bila mwaka, na mwongozo wao unatoa mfano wa kuongeza mwaka mrefu kabla ya kusoma. Hilo ni jambo jema na nalisifu.

#6 tarakimu11

Sawa fundi, nimekubali, ilikuwa dateutil. Nilikuwa nimeziita zote "Python" kwa hasira.

#7 Fundi Msimbo

Nirudi kwenye mada. Mimi sioni kama kosa ni la mifano. Kosa ni la chombo. Aina ya data inayoitwa "tarehe" imetengenezwa kubeba vitu vitatu. Ukiipa viwili ni lazima ama ikatae ama izue cha tatu, haina njia nyingine. Java walilielewa hili tangu toleo la 8 mwaka 2014: kuna LocalDate ya tarehe kamili, kuna YearMonth ya mwaka na mwezi, kuna Year peke yake, kuna MonthDay ya mwezi na siku bila mwaka (na hiyo inapokea 29 Februari bila kelele). Ukiwa na YearMonth hakuna wa kukuuliza siku. Ukitaka siku unaita atDay(1) wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na kila asomaye msimbo anaona kwamba ni wewe umeamua.

Mwongozo mzuri juu ya chombo kibaya ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

#8 Mama Hifadhi

Habari za humu. Fundi unasema kweli nusu. Chombo kizuri kinakusaidia kuhifadhi, lakini kuna siku utatakiwa kuhesabu, na hesabu inataka siku.

Nitoe kisa. Nashughulikia data za majaribio ya dawa. Mgonjwa kapata dozi ya kwanza 2020-11-13. Kwenye fomu ya madhara kaandikwa alianza kuumwa kichwa "2020-11", siku haipo. Swali linalotakiwa kujibiwa: je, kichwa kilianza kabla ya dawa au baada? Ukijazia mwanzo wa mwezi unapata 2020-11-01, maana yake kichwa kilimuuma siku kumi na mbili kabla ya dozi, kwa hiyo dawa haihusiki. Umeifutia dawa lawama kwa tarehe uliyoibuni mwenyewe. Ukijazia mwisho wa mwezi inakuwa 2020-11-30, na sasa dawa ni mshukiwa. Data ni ileile!

Kwenye admiral, maktaba ya R ya data za majaribio ya dawa, kuna parameta inaitwa min_dates. Unaipa tarehe ya dozi ya kwanza, na kwa kuwa 13 Novemba imo ndani ya mwezi uliotajwa, tarehe iliyojaziwa haiwezi kuwa kabla ya hapo, hivyo ukijazia mwanzo inakuwa 2020-11-13. Hiyo ndiyo tahadhari inayotakiwa kwa madhara. Sasa nielekezeni: mfano wa namna hii utauelewaje bila kuambiwa kisa? Ukiona tu mstari wa msimbo na jibu lake unabaki unashangaa kwa nini 13. Mwongozo unahitaji mgonjwa ndani yake, si tarehe peke yake.

#9 Mpekuzi

Mama Hifadhi umenigusa. Ila nao wana mtego: kwenye hiyo admiral, ukiita funksheni ya derive_vars_dt bila kusema chochote, parameta ya highest_imputation ni "n", yaani usijazie kitu. Tarehe pungufu inakuwa NA. Nimewahi kuwaona watu wakilalamika maktaba imekula tarehe zao.

#10 Mama Hifadhi

@Mpekuzi na mimi naona ni bora hivyo. Inyamaze hadi uiambie. Ukitaka siku ijaziwe unaandika "D", ukitaka hadi mwezi unaandika "M". Na safu ya pembeni inabaki na alama: D kama siku imejaziwa, M kama mwezi umejaziwa. Bila ile alama, baada ya miezi sita hakuna atakayejua 1 Novemba ipi ni ya kweli na ipi ni ya kutunga. Mimi nikikagua kazi ya mtu naanza na safu ya alama, tarehe baadaye.

#11 Bwana Jedwali

Mnasahau chanzo. Sisi wote tumelelewa na Excel. Andika "March 2019" au 2019-03 kwenye seli, inageuka 1 Machi 2019, inakuonyesha mwezi na mwaka tu, siku kaificha nyuma. Andika siku na mwezi, inakuwekea mwaka huu. Baada ya miaka kumi ya hayo, mtu akianza kuandika msimbo anaona kujaziwa ni jambo la kawaida kama kupumua. Waandishi wa miongozo nao wametoka hukohuko. Hawaoni kama kuna kitu cha kueleza.

#12 kalamu_kavu

Excel hiyohiyo inayoamini kulikuwa na 29 Februari 1900 😀

#13 Bwana Jedwali

@kalamu_kavu hiyo waliirithi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya zamani, ili faili za watu zisiharibike. Ni uzi mwingine kabisa, ufungue tuje.

#14 MwandishiMiongozo

Nimesoma kimya hadi hapa, sasa naomba nafasi, maana mnanisema mimi. Nimeandika miongozo ya maktaba za data kwa miaka kadhaa.

Sababu ya kukwepa mfano wa tarehe pungufu siyo uvivu. Mfano ukishawekwa kwenye mwongozo unageuka sheria. Niliwahi kuweka mfano mmoja wa kujazia siku ya kwanza ya mwezi. Niliuweka kwa sababu ni mfupi. Baada ya muda nikawa napokea maswali yenye msimbo wa watu, na wote wamejazia siku ya kwanza: tarehe za kuanza, tarehe za kumaliza, tarehe za vifo. Za vifo! Mtu kaonekana kliniki tarehe 20, kafariki mwezi huohuo siku haijulikani, programu inasema kafariki tarehe 1. Walinakili mstari wangu. Sikuwa nimewaambia ni sahihi, nilikuwa nimewaonyesha tu kwamba inawezekana. Kwa msomaji mwenye haraka hayo mawili hayana tofauti.

Nikaufuta ule mfano. Huo ukimya mnaolalamikia, wakati mwingine ni mtu aliyewahi kuumiza watu kwa mfano.

#15 KaraniWaData

@MwandishiMiongozo asante kwa ukweli huu, sikuwa nimeuona upande huo. Lakini ulipoufuta, walionakili waliacha? Au walikwenda kunakili kwa mwingine? Kwa nini usingeweka mifano miwili inayogombana: ya tarehe ya kuanza na ya tarehe ya kifo, zote "2020-11", majibu tofauti? Mtu akiona mbili analazimika kusimama achague.

#16 MwandishiMiongozo

Hilo la mifano inayogombana nalichukua. Sijawahi kulifanya.

#17 Shina na Matawi

Wakuu, mimi si mtu wa msimbo sana, nafuatilia koo na nasaba. Kwetu jambo hili ni la siku nyingi. Kwenye faili za GEDCOM, muundo wa kuhifadhi nasaba, tarehe huandikwa na neno mbele: ABT ni takriban, BEF ni kabla ya, AFT ni baada ya, na BET na AND kwa kati ya hii na hii. Babu kazaliwa kabla ya 1920, tunaandika BEF 1920, basi. Hakuna anayelazimishwa kubuni siku. Nikisoma huu uzi najiuliza kwa nini nyie mnakimbilia kujazia. Acheni pengo liwe pengo.

#18 tarakimu11

Shina umenena. Ila ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, hairuhusu pengo, ndiyo shida. Mifumo yote inaifuata.

#19 Fundi Msimbo

tarakimu11 leo nakuandama, samahani ndugu yangu. ISO 8601 inaruhusu. 2019 ni halali, 2019-03 ni halali. Isichoruhusu ni 201903 bila kistari, maana muundo huo wa tarakimu sita ungeweza kusomwa kama mwaka wa tarakimu mbili, mwezi na siku. Zamani iliruhusu hata kukata upande wa kushoto, yaani mwezi na siku bila mwaka, lakini toleo la 2004 likaondoa hilo. Halafu 2019 ikaja sehemu ya pili ya kiwango hichohicho: 201X ni muongo ambao mwaka wake haujulikani, 1984? ni mwaka wenye shaka, 1984~ ni takriban. Kazi hiyo ilitoka kwa watu wa maktaba za vitabu, Library of Congress, wao wana vitabu visivyo na mwaka hadi basi.

Kwa hiyo lugha ya kuandika pengo ipo. Kinachokosekana ni funksheni za kuisoma, na miongozo ya kuonyesha.

#20 Mama Hifadhi

Niongeze kwenye la Fundi: kwetu kwenye CDISC, viwango vya data za majaribio ya dawa, mwezi ukikosekana katikati unaacha kistari mahali pake, 2003---15. Mwaka, halafu pengo, halafu siku 15. Kwa anayeona mara ya kwanza ni kama mtu kabonyeza kistari kwa bahati mbaya. Nimewahi kumkuta mwenzangu "akisafisha" vistari hivyo kwa kufuta viwili, ikawa 2003-15. Mwezi wa kumi na tano! Alikuwa na nia njema, mfano hakuwahi kuuona popote.

#21 mgeni_wa_safu

Samahani naingilia. Hifadhidata ya MySQL si inakubali 2019-00-00? Sisi ndivyo tunavyohifadhi.

#22 Bwana Jedwali

@mgeni_wa_safu inategemea. Kuna hali inaitwa NO_ZERO_IN_DATE, ikiwashwa pamoja na hali ya ukali (strict mode) inakataa, na tangu 5.7 hivyo ndivyo inavyokuja kwa kawaida. Mkiboresha toleo siku moja mtashangaa. PostgreSQL, hifadhidata nyingine, inakataa sifuri moja kwa moja, lakini inayo daterange (kipindi cha tarehe): "2019-03" unaihifadhi kama kuanzia 2019-03-01 hadi kabla ya 2019-04-01. Hiyo mimi naipenda kuliko zote, haisemi uongo, na bado unaweza kuuliza kama inaingiliana na kipindi fulani.

Wikidata wana njia ya tatu: wanahifadhi namba ya usahihi pembeni, 9 ni mwaka, 10 ni mwezi, 11 ni siku.

#23 kalamu_kavu

Sasa niseme la maana safari hii. Niliwahi kusafisha rejista ya watu, nikachora idadi ya waliozaliwa kila siku ya mwaka. Mstari umelala, umelala, halafu 1 Januari kuna mnara. Nusu saa nzima nilidhani msimbo wangu una kosa. Kumbe ni kila mtu ambaye karani hakujua siku yake. Na ndani ya mnara ule wamo waliozaliwa 1 Januari kwelikweli, na hakuna namna ya kuwatenganisha tena. Hicho ndicho kinachoniuma. Aliyejazia alikuwa na taarifa moja ya thamani kubwa, "sijui", akaitupa.

Pasipoti wamewashinda: kwenye ile mistari ya kusomwa na mashine, kipande cha tarehe ya kuzaliwa kisichojulikana kinawekwa alama ya <. Mashine inaona pengo.

#24 Nukta_Pacha

Mmesahau saa. JavaScript: new Date("2019") inasoma 1 Januari 2019 saa sita usiku kwa UTC. Mtu aliye magharibi ya Greenwich akiionyesha kwa saa za kwake anapata 31 Desemba 2018. Umempa mwaka tu, na hata huo mwaka kaukosea! Hapa hakuna cha kusema "siku si muhimu, tunachukua mwaka".

#25 Mpekuzi

@Nukta_Pacha hiyo imeniua. Nafuta kauli yangu ya #2 kwamba tatizo watu hawasomi. Naibakiza robo.

#26 Shina na Matawi

Robo yako itunze mkuu, bado wapo.

#27 KaraniWaData

Wakuu, nimeamua kuacha kulalamika. Maktaba ndogo tunayotumia ofisini kwetu mwongozo wake naruhusiwa kuugusa, na kanuni zake tumezifuatisha zile za Mama Hifadhi. Rasimu ya mfano wa kwanza hii hapa, ingizo kushoto, jibu, kisha alama:

"2021-07-19" → 2021-07-19, alama tupu
"2021-07", jazia mwanzo → 2021-07-01, alama D
"2021-02", jazia mwisho → 2021-02-29, alama D
"2021", jazia mwanzo → 2021-01-01, alama M
"2021---19", jazia mwanzo → 2021-01-01, alama M (siku 19 imeachwa kwa kuwa mwezi haupo)
"" → NA, alama tupu

Chini yake nitaweka visa viwili vinavyogombana, cha kuanza kwa dalili na cha kifo, kama nilivyomwambia MwandishiMiongozo. Kosoeni.

#28 Mama Hifadhi

Mstari wa tano umenifurahisha, wengi wangeuficha. Waambie pia kwamba ipo njia ya kuibakiza hiyo 19, kwenye admiral ni preserve = TRUE, ili msomaji ajue kuiacha ni uamuzi. Swali langu: "2020" mtupu, dozi ya kwanza 2020-11-13, dalili ilianza kabla ya dozi au baada? Utaivuta hadi Novemba kwa sababu tu min_dates inaruhusu? Miezi kumi ni mingi kuisogeza.

#29 tarakimu11

Mstari wa tatu. 2021 si mwaka mrefu. Februari inaishia 28.

#30 Fundi Msimbo

tarakimu11 umelipa madeni yote ya leo. Karani, hayo majibu uliyaandika kwa mkono?

#31 KaraniWaData

Kwa mkono, ndiyo. Nimerekebisha, 2021-02-28.

#32 MwandishiMiongozo

Usirekebishe kwa mkono. Endesha msimbo, unakili kilichotoka. Python ina doctest, inalinganisha jibu lililoandikwa kwenye mwongozo na jibu halisi, likitofautiana inapiga kelele. Ukaguzi wa vifurushi vya R unaendesha mifano pia, lakini hasa unaangalia kama imeanguka. Jibu uliloliandika kama maelezo pembeni halisomi. 29 yako ingepita.

Na ongeza "2020-02", jazia mwisho, chini ya huo wa 2021. Msomaji aione 29 ikitoka kihalali.

#33 KaraniWaData

Nimeongeza, nimeendesha, imetoka 2020-02-29, alama D. La Mama Hifadhi la mwaka mtupu bado nalifikiria. Sitaki kuuweka mfano huo hadi nijue nitaandika sababu gani pembeni yake.

#34 Mama Hifadhi

Ukiipata sababu nitag. Na mimi bado naitafuta.